Kisima kimegeuka chumvi Kiromo: modeli ya kompyuta itasaidia nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina shamba la ekari tatu Kiromo, Bagamoyo, kama kilomita moja na nusu kutoka baharini. Nilichimbiwa kisima cha mita 45 kwa mashine, bomba la inchi 5, na matundu yako kwenye mita 18 za chini. Ripoti ya wachimbaji inasema maji yalitulia mita 10.8 kutoka usawa wa ardhi. Simu yangu inasema shamba liko mita 12 juu ya bahari. Navuta lita 4,000 kwa saa, saa nane kwa siku, namwagilia nyanya na pilipili hoho. Mwanzoni kipima chumvi kilisoma 600, sasa kinasoma 2,900 na majani ya hoho yanaungua pembeni. Kuna watu wanataka kunitengenezea modeli ya kompyuta ya maji ya chini ya ardhi. Wanasema itaonyesha nichimbe wapi tena na nivute kiasi gani. Je, modeli hiyo ni ya kuaminika? Na hiki kisima nikiache?

JIBU: Marahaba. Kisima usikitelekeze bado, na fedha ya modeli usiitoe bado. Modeli ni hesabu. Inapokea vipimo unavyoipa na kukuonyesha kama vinakubaliana, kisha inakisia mbele kwa kufuata vipimo hivyo hivyo. Ulivyonavyo leo havitoshi kuilisha, na kimoja, kile cha simu, kinaweza kuiharibu yote. Hebu tuanze kwa kalamu na karatasi. Kwa kisima kimoja cha shamba, hesabu ya karatasi ndiyo inayotangulia, na mara nyingi inamaliza kazi.

Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Ya maji ya bahari ina kilo 1.025. Kwa tofauti hiyo ndogo, maji ya mvua yanayozama mchangani pwani yanaelea juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini. Kanuni yake ilipatikana na Badon Ghijben wa Uholanzi mwishoni mwa karne ya 19, na Herzberg wa Ujerumani akaifikia kivyake mwaka 1901. Inasema hivi: kila mita 1 ambayo maji yamesimama juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa namba zako, 12 toa 10.8 ni mita 1.2. Zidisha kwa 40, unapata mita 48 chini ya usawa wa bahari. Ongeza mita 12 za kimo cha shamba: mpaka wa maji matamu na ya chumvi uko mita 60 kutoka ulipokanyaga. Kisima chako kinaishia mita 45, kwa hiyo kati ya kitako chake na mpaka kuna mita 15.

Ukivuta maji, shinikizo juu ya mpaka linapungua na maji ya chumvi yanainuka chini ya kisima kama kichuguu. Mradi kichuguu hakijapanda zaidi ya kama theluthi ya ule umbali wa kitako mpaka chumvini, kinatulia. Kikizidi hapo kinakosa uthabiti, na chumvi inaingia kisimani kwa ghafla. Kiasi cha juu cha kuvuta kwa siku, kwa mita za ujazo, hukadiriwa hivi: 2 × 3.14 × umbali × umbali × upitishaji wa mchanga × 0.025 × 0.3. Upitishaji ni ule mwendo wa maji kupenya mchangani, kwa mita kwa siku. Kwa mchanga uliochanganyika na udongo tuchukue 4 kwa kuanzia. Hesabu nzima inafupika kuwa 0.19 mara umbali mara umbali. Kwa mita 15 unapata kama mita za ujazo 42 kwa siku. Wewe unavuta 32. Kwa karatasi uko salama, lakini kisima kimeshika chumvi. Kuna kitu hakiko sawa kwenye namba hizo, na watuhumiwa ni wawili.

Wa kwanza ni ule mpaka wenyewe. Kanuni inauchora kama mstari mwembamba, lakini chini ya ardhi pana ukanda wa maji ya chumvichumvi, unene wake mita kadhaa, wakati mwingine makumi ya mita. Juu yake ni matamu, chini yake ni bahari tupu. Ukanda huo ukianza mita 5 tu juu ya mstari, umbali wako unashuka kutoka 15 hadi 10, na kiasi cha kuvuta kinaanguka kutoka 42 hadi 19. Tazama jinsi umbali unavyojizidisha wenyewe: ukipungua kwa theluthi moja, maji yanapungua kwa zaidi ya nusu.

Wa pili ni simu. Kimo kinachosomwa na simu kinaweza kukosea mita 5 hata 10. Isitoshe, vifaa vingine hupima kimo kutoka umbo la kihesabu la dunia badala ya usawa wa bahari, na kwenye pwani yetu hivyo viwili vimeachana kwa zaidi ya mita 20. Kosa lolote la kimo linazidishwa mara 40. Shamba lako likiwa na mita 11.8 badala ya 12, maji yamesimama mita 1.0 juu ya bahari, mpaka uko kama mita 52 kutoka juu, na umbali wako ni mita 7 tu hata kabla ya kuutoa ule ukanda. Hapo kiasi salama ni mita za ujazo 9 kwa siku. Sentimita 20 za kimo zimetutoa 42 zikatuleta 9. Modeli yoyote itakayojengwa juu ya kimo cha simu itatoa picha za rangi nzuri zisizo na maana.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kulipia ni mpima ardhi. Achukue kimo kutoka alama ya serikali ya upimaji iliyo karibu, akilete hadi ukingo wa juu wa bomba la kisima, kwa kosa lisilozidi sentimita 2 au 3. Piga alama ya rangi pale alipopima. Vipimo vyote vya kina cha maji vitaanzia kwenye alama hiyo hiyo siku zote.

La pili ni maji yenyewe. Zima pampu saa 24 kwanza. Pima kina kwa utepe wenye kengele, ule unaolia ncha ikigusa maji, kila saa moja kwa siku tatu mfululizo, kisha chukua wastani. Siku tatu ni kwa sababu ya bahari: wakati wa bamvua hapa inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kisima kinaweza kufuata. Kwenye mchanga ulio wazi mapigo hayo hufa ndani ya mita mia chache kutoka ufukweni. Ukiyaona kwako, kilomita moja na nusu ndani, maana yake tabaka lako limefunikwa na udongo mfinyanzi na linabanwa na bahari kutoka mbali. Kanuni ya mara 40 inahitaji kutumiwa kwa uangalifu mwingine hapo, na ripoti ya kuchimba itabidi isomwe upya. Rudia kipimo mwishoni mwa Februari kabla ya masika, maji yakiwa chini, na tena Juni. Namba ya Februari ndiyo ya kutumia kwenye hesabu ya kuvuta. Wachimbaji wengi huandika kina cha siku waliyochimba, na kama siku hiyo ilikuwa Mei, ulipewa kina cha neema.

La tatu ni jaribio la kuvuta. Vuta kwa kasi moja isiyobadilika kwa saa 24, ukipima kina kila nusu dakika mwanzoni, kisha kila dakika, kila dakika 5, mwisho kila nusu saa. Zima, upime tena maji yanavyopanda. Chora kushuka kwa maji dhidi ya muda kwenye karatasi ya nusu-logi, ile ambayo upande wa muda unaruka mara kumi kumi: 1, 10, 100, 1,000. Angalia maji yameshuka kiasi gani kati ya dakika ya 10 na ya 100, au ya 100 na ya 1,000, pale mstari uliponyooka. Upitishaji wa tabaka zima ni 2.3 × mita za ujazo kwa siku ÷ (4 × 3.14 × mshuko huo). Ukivuta 72 kwa siku na mshuko ni mita 0.66, jibu ni kama 20. Gawanya kwa unene wa tabaka: ukiwa mita 20, mchanga wako ni 1, wala si ile 4 niliyokisia, na kila kiasi cha kuvuta hapo juu kinagawanywa kwa 4. Hiyo njia ni ya Cooper na Jacob ya mwaka 1946 na bado haijapata mpinzani kwa urahisi. Jaribio la saa mbili analofanya mchimbaji ili akukabidhi kisima halitoshi. Linaonyesha pampu inafanya kazi, basi.

Kabla hujaamini kwamba chumvi ni ya bahari ya leo, peleka sampuli maabara. Kutoka 600 hadi 2,900 maikrosimensi kwa sentimita, ukichukulia bahari ni kama 50,000, ni sawa na kuchanganyiwa maji ya bahari chini kidogo ya sehemu 5 katika 100. Inawezekana kabisa ni kichuguu. Lakini pwani yetu ina tabaka za udongo wa zamani uliolala chini ya bahari na bado umebeba chumvi yake, na vyoo vya shimo navyo huongeza chumvi. Omba kloraidi, bromaidi, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, bikaboneti na naitreti. Kwenye maji ya bahari kloraidi ni kama mara 290 ya bromaidi kwa uzito. Ukipata uwiano mkubwa zaidi sana na naitreti iko juu, mtafute jirani mwenye choo. Bahari inapoingia upya, udongo hushika sodiamu na kuachia kalsiamu, kwa hiyo kalsiamu hupanda kwa namna isiyotarajiwa. Ukikuta kinyume chake, sodiamu nyingi, bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo, basi chumvi ya zamani inasukumwa itoke na huenda kisima kikajisafisha. Tofauti hii ina thamani kubwa kuliko kurasa nyingi za ripoti ya modeli.

Na kama kuna atakayekupimia kwa umeme ili akutafutie mahali papya, muulize swali moja: utatofautishaje udongo mfinyanzi na mchanga uliojaa chumvi? Vyote viwili vinapitisha umeme kwa urahisi na vinaonekana karibu sawa kwenye mchoro, ohm-mita (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache tu. Asiye na ripoti ya kuchimba ya kulinganishia atakuambia “hapa kuna maji mengi” kumbe ni chumvi, au “hapa kuna chumvi” kumbe ni udongo. Wewe ripoti unayo. Mpe, na apimie pembeni ya kisima chako kwanza, ndipo aende kwingine.

Sasa kisima. Dawa yake, kama maabara ikithibitisha kichuguu, ni kupandisha kitako. Ukikifunga kuanzia mita 45 hadi 30, hata kwa mpaka wa hofu wa mita 52 na ukanda unaoanzia mita 47, umbali wako unakuwa mita 17, na hesabu inakupa kama mita za ujazo 54 kwa siku kwa mchanga wa 4, au 14 kwa mchanga wa 1. Tatizo ni kwamba matundu yako yanaanzia mita 27, kwa hiyo utabakiwa na mita 3 tu za matundu. Zitatosha kwa lita 1,000 hadi 1,500 kwa saa. Hazitatosha kwa 4,000. Mimi ningependelea hivyo. Kisima cha pwani hakipendi kuvutwa kwa nguvu saa chache. Maji yale yale yakivutwa polepole kwa saa nyingi huinua kichuguu kwa kimo kidogo kuliko yakivutwa kwa nguvu, na kama unatumia sola, weka tangi kubwa badala ya pampu kubwa.

Kazi ya kufunga ni ndogo na inaharibiwa kirahisi. Toa pampu. Mita 10 za bomba la inchi 5 zinameza kama lita 127, yaani ndoo sita na ushee za lita 20. Jaza kokoto laini iliyooshwa hadi mita 34 kutoka juu, ukipima kwa kamba yenye uzito kila baada ya ndoo mbili, maana kokoto hukwama katikati na kuacha pengo. Juu yake mimina uji wa saruji: mfuko mmoja wa kilo 50 kwa lita 25 za maji unatoa kama lita 41, na mita 3 zinahitaji 38. Uji upitishe kwenye bomba jembamba lililoshuka hadi juu ya kokoto. Ukiumwaga kutoka mdomoni mwa kisima, saruji itachujwa na maji ikiwa njiani na utapata matope yasiyoganda. Subiri siku tatu. Mita 1 iliyobaki hadi 30 jaza mchanga safi.

Penye hatari ni nje ya bomba. Wachimbaji walizungushia kokoto kati ya bomba na udongo, na kokoto hizo hazikuzibwa na saruji yako ya ndani. Maji ya chumvi yanaweza kupanda nje ya bomba na kuingia kwenye matundu ya juu. Ripoti ikionyesha kokoto zimeshuka moja kwa moja hadi mita 45 bila kizibo cha udongo, mchimbaji itabidi asukume uji kupitia matundu ya chini kwa shinikizo, au ukubali kuchimba kisima kipya kifupi cha mita 28 hivi, mita 50 au zaidi kutoka hiki, na hiki ukibakishe cha kupimia tu. Kisima cha kupimia karibu na cha kuvuta ni mali.

Usitarajie utamu kurudi wiki ijayo. Chumvi iliyoshika kwenye vinyweleo vya mchanga huoshwa na mvua polepole, miezi na pengine miaka. Na ukubali jambo lingine: ekari moja ikinyweshwa milimita 5 kwa siku inataka mita za ujazo 20. Ekari tatu ni 60. Hakuna namna ya kupanga namba ambayo kisima hiki kitabeba ekari tatu za kiangazi bila kurudi chumvini. Ekari moja kwa matone, ndiyo. Hoho huanza kupoteza mavuno maji yakipita 1,000 hivi, nyanya zikipita 1,700. Kwa 2,900 uliyonayo, hoho umeshapoteza zaidi ya theluthi, kwa hiyo msimu huu achana nazo.

Tumefika kwenye modeli. Itakufaa siku mtakapokuwa wengi. Jirani watano wakivuta, maji ya eneo zima yanashuka, na kila sentimita 20 zinazoshuka zinaupandisha ule mpaka wa chumvi kwa mita 8 katika miaka inayofuata. Hilo karatasi haliwezi kulibeba. Programu zenyewe hazina gharama: MODFLOW ya Shirika la Jiolojia la Marekani, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1984, na SEAWAT inayoongeza uzito wa chumvi, zinapakuliwa bure. Wanaokutoza wanatoza vipimo na muda wa mtu anayejua. Ukiona bei inatajwa na hakuna siku hata moja ya kupima shambani, hapo hakuna modeli.

Wakija, waulize haya. Modeli ya kompyuta ina tabia moja mbaya: kina cha maji peke yake kinamruhusu mjenzi kufaulu kwa majibu mengi. Mvua inayozama milimita 60 kwa mwaka na mchanga wa 3, au milimita 120 na mchanga wa 6, vinatoa vina vile vile vya maji visimani, kwa sababu kinachotawala ni uwiano wa viwili hivyo. Lakini kiasi unachoweza kuvuta kinakuwa mara mbili kati ya modeli moja na nyingine. Wanaokuonyesha jinsi mistari yao inavyolingana na visima bila jaribio la kuvuta wamekuonyesha nusu. Mvua inayozama wanaweza kuikadiria kwa kloraidi: mvua ya mwaka mara kloraidi ya mvua, gawanya kwa kloraidi ya maji matamu ya chini. Milimita 1,000 za mvua yenye miligramu 8 za kloraidi kwa lita, na maji ya chini yenye 80, ni milimita 100. Kloraidi ya mvua iwe imepimwa hapo hapo Bagamoyo, kwa kuwa upepo wa bahari unaipandisha ukilinganisha na bara.

Modeli huigawa ardhi katika viboksi; waulize pia vina unene gani karibu na kisima. Vikiwa na unene wa mita 10, kichuguu cha mita 6 hakionekani. Chumvi inasambazwa ndani ya boksi zima na kisima kitaonekana salama, au kitaonekana kimeharibika tangu siku ya kwanza. Mita 1 hadi 2 ndiyo saizi inayotakiwa hapo. Na modeli iliendeshwa miaka mingapi kabla ya kisima kuwekwa? Lazima iachwe mpaka chumvi itulie kivyake kwanza. Bila hivyo unachokiona kikisogea ni makosa ya mwanzo yakijisawazisha. Mwisho, wakuletee jibu la kati ya hapa na hapa. Atakayekuambia “vuta lita 26,400” bila upana hajakutendea haki.

Haya yote ni kwa mchanga. Ndugu zetu wa Tanga, upande wa Amboni, wako juu ya chokaa ya Jurasiki iliyotoboka mapango, ambako maji yanakimbia kwenye mifereji na kanuni ya mchanga haishiki. Wao wasichukue namba zangu.

Kuhusu kibali, kisima cha kumwagilia kinahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Ripoti yako ya kuchimba na ya jaribio la kuvuta ziwe tayari utakapoomba.

Kuanzia leo weka daftari: tarehe, saa, kina, chumvi, lita zilizovutwa. Kipima chumvi kisahihishwe kwa maji maalumu ya maikrosimensi 1,413 kila mwezi. Baada ya kupandisha kitako anza na lita 1,000 kwa saa kwa wiki mbili. Namba ikishuka au ikisimama, ongeza 250, subiri wiki mbili nyingine. Ikipanda kwa zaidi ya 100 ndani ya wiki, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo mpaka masika.